Mama Mkubwa wa Lulu

Jaribu kulitia Kiswahili jina la Little Women, riwaya ya Mmarekani Louisa May Alcott iliyotoka mwaka 1868, uone kazi. Ukisema “Wanawake Wadogo”, msomaji atadhani ni habari za wanawake wafupi. Ukikata ukasema “Wake Wadogo”, umeshaingiza ukewenza katika nyumba ya mchungaji wa Massachusetts. Ukikimbilia “Mama Wadogo”, umewageuza wasichana wanne kuwa wadogo zake mama mtu.

Kinachotukwamisha ni hiyo -dogo. Ikishaingia kwenye ukoo haiulizi kimo wala haiulizi umri. Inauliza nani alitangulia kuzaliwa. Mama mdogo aweza kuwa na mvi na wajukuu, na bado ni mdogo.

Katika riwaya, anayewaita wasichana hao “little women” ni baba yao, kwa barua kutoka vitani. Mkubwa wao ana miaka 16 na kitinda mimba 12, na baba anawapandisha cheo kwa mapenzi. Tabia hiyo tunaijua: mzazi wa Kiswahili humwita bintiye wa miaka mitano “mama”, na mtoto akaitika pasipo kushangaa. Ila hilo ni neno la kuitia, halikai kwenye jalada. Wako waliopendekeza “Wari” au “Vigori”, lakini maneno hayo yana unyago wake, na Jo March, mmoja wa wasichana hao, anayepiga mluzi na kutembea kwa hatua ndefu, hakufundwa na kungwi yeyote. Mimi nabaki na “Mabinti”. Neno hilo linadai mzazi nyuma yake, na kitabu chenyewe kilitoka moja kwa moja katika nyumba ya mwandishi.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Bronson na Abigail Alcott. Walikuwa na mabinti wanne: Anna wa 1831, Louisa wa 1832, Elizabeth wa 1835 na May wa 1840. Elizabeth alifariki mwaka 1858, na ndiye Beth wa kitabuni. Bronson alikuwa mwalimu na mwanafalsafa, hodari wa fikra, dhaifu wa kipato. Mwaka 1843 aliihamishia familia kwenye shamba la Fruitlands, ambako nyama na maziwa vilikuwa mwiko, na nguo za pamba nazo mwiko kwa kuwa pamba ililimwa na watumwa. Msimamo mzuri, ila shamba halikumaliza mwaka. Wasichana walipokua, Louisa alishona, akafundisha, akatumika majumbani mwa watu, na mwishoni mwa 1862 akaenda kuuguza askari Georgetown. Alirudi na homa ya matumbo iliyotibiwa kwa dawa yenye zebaki. Baadaye kalamu yake ndiyo iliyolipa madeni ya nyumba nzima. Mtunzi hutokana na kutunga, lakini kwa Louisa sikio langu husikia pia kutunza.

Sasa njoo kwenye shangazi. Riwayani yumo mwanamke tajiri na mkali, Aunt March, ambaye Jo humsomea vitabu. Mfasiri mwenye haraka ataandika “Shangazi March”. Lakini baba wa wasichana ni mpwa wake bibi huyo, kwa hiyo kwao yeye ni bibi, au nyanya kwa wa Kenya. Nakiri “Shangazi” lingempa mfasiri faida moja. Bibi huyu hujaribu kuizuia ndoa ya Meg, mkubwa wa wasichana, kwa kutishia kumnyima urithi, na msomaji wa pwani anajua vizuri uzito wa shangazi katika posa. Hata hivyo faida hiyo imepatikana kwa kuupinda ukoo.

Palipo na utamu hasa ni nje ya riwaya. May, aliye Amy wa kitabuni, alikuwa mchoraji. Alikaa Ulaya, akaolewa na Mswisi Ernest Nieriker mwaka 1878, akajifungua binti Novemba 1879, na akafariki wiki chache baadaye. Alikuwa amependa mtoto alelewe na dada yake Louisa. Mtoto alipewa jina la Louisa May, somo yake, lakini wote walimwita Lulu, na hilo halihitaji mfasiri. Septemba 1880 Louisa alisimama gatini Boston akiwatazama abiria wakishuka, na kila kichanga kilichopita akajiuliza kama ndicho chake. Mwisho akatokea nahodha, amempakata mtoto mwenye nywele za rangi ya dhahabu, pamoja na yaya na dada yake Nieriker.

Pale gatini, kwa Kiingereza, walikutana “aunt” wawili. Kwa Kiswahili, shangazi alimkabidhi mtoto kwa mama yake mkubwa. Mmoja ni wa upande wa baba, mwingine ni mama kamili. Siku hizi mijini “anti” amewameza wote wawili, na sijui tumepata nini.

Tena, cheo chenyewe cha Louisa kilibadilika kulingana na nani anaita. Kwa Lulu alikuwa mama mkubwa. Kwa Fred na John, watoto wa Anna, alikuwa mama mdogo. Baba yao alipofariki mwaka 1870, Louisa, akiwa Roma, aliandika Little Men ili wapate cha kuwatunza. Mwaka 1887 alimwasili John kisheria, kijana aliyezaliwa 1865, ili awepo mrithi wa hakimiliki za vitabu vyake. Sisi tungesema “mtoto wa kuasili”, ingawa huyo alikuwa mtu mzima, na mama mdogo alikuwa mama tangu zamani. Mahakama ilitia muhuri tu.

Bronson alifariki tarehe 4 Machi 1888, Louisa akamfuata tarehe 6, akiwa na miaka 55. Lulu alirudishwa kwa baba yake Ulaya.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kukitafsiri kitabu hiki, liache jina lake hadi mwisho. Anza kwa kuchora ukoo, uonyeshe nani kazaliwa mbele ya nani na nani ni wa upande upi, ndipo ushike kalamu.