Mgeni Aliyempa Mwenyeji Jembe

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, husema wahenga. Mwaka 1924 mambo yalikwenda kinyume: mgeni alikuja Afrika Mashariki, akakagua shule, kisha jembe akampa mwenyeji.

Mgeni huyo alikuwa tume ya Phelps-Stokes Fund, wakfu wa New York ulioanzishwa mwaka 1911 kwa wosia wa Caroline Phelps Stokes, mwanamke tajiri aliyetaka sehemu ya mali yake isomeshe watu weusi wa Marekani na Afrika. Tume ilipita Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, mzaliwa wa Wales aliyewahi kufundisha katika chuo cha Hampton, Virginia. Kati ya wajumbe Mwafrika alikuwa mmoja tu, James Aggrey wa Gold Coast, msemaji hodari aliyevuta umati.

Hampton ndiyo mzizi wa habari hii. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1868, miaka mitatu baada ya utumwa kukomeshwa Marekani, ili waliokuwa watumwa na watoto wao wajifunze ualimu, kilimo na kazi za mikono. Jones aliamini dawa hiyohiyo ingeifaa Afrika: mtoto wa kijijini afundishwe usafi, kilimo, ufundi na utunzaji wa nyumba, badala ya kukaririshwa vitabu vya Ulaya. Msomi mweusi wa Marekani, W.E.B. Du Bois, alimpinga waziwazi. Kwake yeye, elimu ya namna hiyo ilimwandaa mtu mweusi kubaki chini.

London ilimsikiliza Jones. Mwaka 1925, mwaka uleule ripoti ya tume ilipotoka, serikali ya Uingereza ilitangaza sera ya elimu kwa makoloni yake ya Afrika: masomo yalingane na mazingira na mila za wenyeji, serikali isimamie, na shule za misheni zenye kukidhi viwango zipewe ruzuku.

Mwaka huohuo Jeanes School ilifunguliwa Kabete, nje kidogo ya Nairobi, kwa msaada wa Carnegie Corporation, taasisi nyingine ya New York. Jina lilitokana na Anna Jeanes wa Philadelphia, ambaye mwaka 1907 alitoa dola milioni 1 kwa ajili ya shule za vijijini za weusi kusini mwa Marekani. Walimu walifika Kabete na wake zao, wakafunzwa kusimamia shule za vijijini, kupanda mboga, kuchimba vyoo na kulea watoto.

Wazazi wengi hawakuridhika. Jembe walilijua tangu kwa babu zao. Shule waliitakia kalamu. Baada ya mgogoro wa 1929 kati ya Wakikuyu na misheni juu ya tohara ya wasichana, shule huru zilienea Kenya ya kati. Mwaka 1939 Mbiyu Koinange alifungua chuo cha ualimu Githunguri kwa michango ya wananchi. Na Koinange huyo alikuwa amesoma Hampton kwenyewe, lakini hakuishia hapo: aliendelea hadi Columbia, kisha akarudi kutafutia vijana wa kwao elimu kamili. Serikali ya kikoloni ilikifunga chuo hicho mwaka 1952.

Jembe lenyewe halikuwa na kosa. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitangaza Elimu ya Kujitegemea, na mashamba ya shule yakaenea Tanzania. Lakini uamuzi huo ulitoka Dar es Salaam, kwa serikali ambayo wananchi waliweza kuiuliza. Mzazi wa 1924 hakuwa na wa kumuuliza.

Hadi leo wakfu za kigeni hubisha hodi katika wizara zetu za elimu, zikiwa na fedha na mipango mkononi. Tuzikaribishe. Ila mzazi na mwalimu waitwe barazani kabla jembe halijakabidhiwa.