Kiwavi-jeshi wa mahindi: kumpiganisha kwa buba, majivu na wadudu marafiki

Likasi na vijiji vya Kambove, bila mahindi hakuna bukari. Ndiyo maana kiwavi-jeshi anaogopesha watu. Huyu mdudu alitoka Amerika. Afrika alionekana mara ya kwanza mwaka 2016, upande wa Magharibi, na katika miaka miwili hivi alikuwa amefika karibu nchi zote za kusini mwa Sahara, Kongo ndani.

Namna ya kumtambua

Mama yake ni kipepeo wa usiku. Anataga mayai 100 hadi 200 kwa fungu moja juu ya jani, na yanapasuka kisha siku 3 hadi 5. Kiwavi mkubwa ana alama ya Y iliyogeuzwa kichwani na madoa 4 ya mraba karibu na mkia. Akiwa mdogo anakwangua jani. Akikomaa anajificha ndani ya moyo wa mhindi, na hapo dawa haimfikii vizuri, hata ile ya duka. Kwa hiyo ni lazima kupita shambani mara mbili kwa juma, tangu mahindi yanapoota. Fungu la mayai likionekana, liponde kwa vidole.

Wadudu marafiki

Mwaka 1973, Zaire ilivamiwa na mdudu mweupe wa muhogo aliyekausha majani, na sombe ikakosekana. Kilichomshinda ni nyigu mdogo sana aliyepatikana Paraguay mwaka 1981, ambaye anataga mayai ndani ya mwili wa yule mdudu.

Kwa mahindi, wasaidizi wa namna hiyo wako tayari Afrika: nyigu wadogo wanaotoboa mayai ya kipepeo, chungu na buibui. Mwenye kupuliza dawa kali shamba lote anawaua hao kwanza, na kiwavi anabaki bila adui.

Buba

Mti huu wenye kulewesha samaki unajulikana sana kwetu. Kausha majani, yatwange, weka kilo 1 ya unga katika litri 10 za maji pamoja na sabuni kidogo. Acha siku moja, kisha chuja. Mwangia ndani ya moyo wa mahindi yaliyoshikwa tu, saa za magaribi, juu jua linaharibu nguvu yake.

Angalia mambo mawili. Kwanza, si kila buba inaua: watafiti waliona Malawi kwamba kuna aina isiyo na ile sumu, na kwa macho zinafanana. Jaribu kwanza kwa mahindi machache, na mbegu zichukuliwe kwa mti uliofanya kazi. Pili, buba ni sumu. Funika pua wakati wa kutwanga, weka watoto mbali, na usioshe vyombo mtoni, samaki watakufa.

Njia zingine

Majivu ya mbabula au mchanga mkavu, kiasi kidogo ndani ya moyo wa mhindi, vinasumbua viwavi wadogo. Kenya, wakulima wanapanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi na majani ya ng'ombe pembeni ya shamba. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba viwavi vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Hakuna njia moja inayomaliza kiwavi peke yake. Anayepanda mapema, mvua zikianza, na kuangalia shamba kila juma, ndiye anayeokoa mavuno.