Samaki Anayengoja Mvua

Kabla utabiri wa hali ya hewa haujaingia kwenye simu, kuna watu Ulaya waliokuwa wakimtazama samaki. Walimfuga nyumbani, kwenye mtungi wa kioo: lochi mrefu, mwembamba, mwenye sharubu mdomoni. Siku nyingi alijilaza tu kwenye tope, hana neno na mtu. Shinikizo la hewa liliposhuka kabla ya dhoruba, alianza kuhangaika, juu chini, juu chini. Mwenye nyumba akajua: leo nguo hazikai kwenye kamba. Linnaeus alimwandika mwaka 1758, na leo wanasayansi humwita Misgurnus fossilis.

Mimi nafuga ndugu zake wa mbali, lochi watano kwenye tangi sebuleni, hapa Nairobi. Rangi ya chungwa, mikanda mitatu myeusi. Wauzaji huwaita klauni. Kila mgeni huuliza, "Na hawa watazaa lini?" Swali hilo ndilo lilinifanya nichimbe historia yao, maana jibu haliko sebuleni.

Aliyewaandika kwanza kisayansi ni Pieter Bleeker, daktari wa jeshi la Uholanzi aliyekaa Batavia, Jakarta ya leo. Mwaka 1852 alimpa samaki huyu jina la macracanthus, yaani mwenye mwiba mkubwa, kwa sababu ya mwiba unaochomoka chini ya jicho lake akitishwa. Kwao ni mito ya Sumatra na Borneo. Mvua zikianza, wakubwa hutoka mto mkubwa, hupanda hadi vijito na kutaga, na vifaranga hukulia kwenye maji ya mafuriko. Hapo ndipo wavuvi huwangoja watoto. Kwa miaka mingi, karibu kila klauni aliyeuzwa duniani alivuliwa hivyo, akiwa na sentimita chache tu. Akikua anaweza kufika 30.

Kwenye tangi unaweza kumpa kila kitu: maji ya nyuzi 28, mchanga laini, mapango, wenzake. Atanenepa, atagonga zile sauti zake akiona chakula, lakini kutaga, wapi! Kuzaana kwenye tangi la nyumbani ni nadra sana. Mashamba ya kibiashara hufaulu kwa kumdunga homoni, sindano inayoudanganya mwili kwamba msimu umefika.

Sindano hiyo ina upande wake wa pili. Thailand kuna lochi mdogo, Ambastaia sidthimunki, aliyeandikwa na Wolfgang Klausewitz mwaka 1959. Ni mfupi kuliko kidole chako cha kati. Mabwawa na uvuvi wa kuuza viliwapunguza sana mitoni, na leo yumo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Dukani bado yupo, kwa sababu anazalishwa shambani kwa homoni. Yaani samaki anaweza kupotea kwao huku bei yake ikiendelea kubandikwa kwenye kioo.

Ukidhani hizi ni habari za Asia peke yake, waulize wazee wa Nyanza kuhusu ningu. Ni jamaa wa mbali wa lochi, na ana tabia ileile: mvua ikinyesha, anatoka Ziwa Victoria na kupanda mito kama Nzoia ili atage. Katikati ya karne iliyopita, nyavu zilitegwa kwenye midomo ya mito hiyo zikawanasa majike wakiwa na mayai tumboni. Uvuvi wa ningu ukaporomoka. Uganda, watafiti wamefaulu kumzalisha kwa homoni. Hongera zao, lakini kifaranga wa sindano bado anahitaji mto wa kurudia.

Kwa hivyo, ukienda kununua lochi, muulize muuzaji: huyu alivuliwa au alizalishwa? Kila jibu lina gharama yake. Wa mtoni ameondolewa mtoni, ila pia ni riziki ya mvuvi anayetaka mto ule ubaki hai. Wa shambani anaupumzisha mto, ila mto usiohitajika na mtu ni rahisi kuuziba. Mimi naona heri tuulize kuliko tununue macho yamefungwa. Halafu pima nafasi yako vizuri, kwa sababu klauni huishi zaidi ya miaka 20, na huenda akahama na wewe nyumba tano.