Shairi na Jibu Lake: Malumbano ya Mombasa na Lamu katika Zama za Muyaka

Katika miji ya mwambao shairi lilitungwa ili liimbwe, na likiisha kuimbwa lilingoja jibu. Mtunzi aliyetupa fumbo barazani alijua kwamba yuko mtu, wa mtaa wa pili au wa mji wa pili, atakayelifumbua, na pengine kumrudishia mwenyewe kwa maneno makali zaidi. Ada hii ya kujibizana yajulikana sana, na aghalabu hutajwa kama mchezo wa malenga. Hata hivyo yastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa kuwa jibu ndilo sherehe ya kwanza ya shairi. Aliyelitunga aliishi zama zile zile, alilisikia shairi la kwanza kwa masikio yake au alilipokea kutoka kwa waliolisikia, na alikuwa na sababu kubwa ya kulifahamu barabara.

Mfano ulio wazi ni ule wa vita vya Shela, viitwavyo pia vita vya Kuduhu, vilivyopiganwa mwaka 1812 au karibu na hapo. Wakati huo Mombasa ilikuwa chini ya Mazrui, ambao walikwisha kujitenga na utawala wa Omani. Liwali wao, Ahmad bin Muhammad, alishirikiana na Pate kutaka kuitiisha Lamu. Jeshi la Mombasa na Pate lilishuka Shela, likashindwa vibaya, na masimulizi husema kwamba maji yalikuwa yamekupwa na vyombo vimekwama pwani, wakimbizi wasipate pa kupandia. Baada ya ushindi huo Lamu, ikiogopa kulipizwa kisasi, iliomba himaya ya Seyyid Said bin Sultan, naye akaweka huko liwali na askari. Kwa hiyo vita vya kisiwa kimoja vilifungua mlango wa enzi ya Busaidi katika pwani ile, na mwaka 1837 Mazrui wenyewe waliangushwa Mombasa.

Vita hivyo vilikuwa na upande wa pili, nao ni wa maneno. Mombasa ilikuwa na Muyaka bin Haji, aliyezaliwa yapata mwaka 1776 na kufariki yapata 1840, rafiki na mtetezi wa Mazrui. Lamu ilikuwa na Bwana Zahidi Mngumi, malenga na kiongozi wa mji. Mashairi yalikwenda na kurudi baina ya miji: vitisho, kejeli, maonyo, na majivuno ya ushindi. Wala haifai kudhani kwamba maneno hayo yalikuwa pambo tu la vita. Katika siasa za wakati ule fumbo lilikuwa hoja. Masimulizi husema kwamba Abdallah bin Ahmad, aliyemrithi baba yake mwaka 1814, alimpelekea Seyyid Said deraa, kibaba, na baruti kidogo na risasi. Na Seyyid Said hakuhitaji mkalimani wa kumfasiria ujumbe huo.

Kujibu kulikuwa na taratibu zake. Shairi la kawaida lina mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, nane kwa nane, pamoja na vina vya kati na vya mwisho. Mwenye kujibu aliweza kushika vina vya mwenzake, au kiishio chake, au ile sitiari aliyoijengea hoja, kisha akaigeuza. Mmoja akijifananisha na chombo imara, wa pili humwuliza habari za mwamba. Kadiri jibu lilivyokaa karibu na umbo la shairi la kwanza, ndivyo lilivyouma zaidi, maana adui alipigwa kwa fimbo yake mwenyewe.

Hapa ndipo manufaa ya jibu kwa mwanalugha yanapodhihiri. Mashairi ya zama hizo yalihifadhiwa kwa moyo na kwa hati za Kiarabu. Katika hati za kale herufi ya ba ilitumika kwa b na kwa p pia; kasra ilisimama mahali pa i na e; dhumma mahali pa u na o. Kwa mfano tu, maneno bora na pora yaweza kuandikwa kwa namna moja. Msomaji wa leo akiona neno kama hilo katika ubeti wa vita, je, asome sifa au asome unyang’anyi? Ubeti wenyewe pengine hautoi jawabu. Lakini ikiwa malenga wa pili amejibu kwa kukanusha kwamba watu wake ni wezi, shaka huondoka.

Kadhalika lahaja. Palipo na moja, maji na mji katika Kimvita, Kiamu kina moya, mai na mui. Mtu wa Lamu aliyetaka kufuata vina vya Mombasa alilazimika ama kuazima tamko la adui yake, ama kutafuta maneno ambayo lahaja zote mbili zinakubaliana. Mnakili asiyejua hayo, akisahihisha moya kuwa moja, huvunja kina na kufuta alama ya mtunzi alikotoka.

Ni kweli kwamba mwenye kujibu si shahidi mwadilifu. Aweza kujifanya hakuelewa, akalipinda neno makusudi ili apate pa kuchekea. Walakini hata upotoshaji huo ni ushahidi, kwa kuwa neno halipindiki mbele ya wasikilizaji wanaolijua ila likiwa na nafasi ya kupindika. Fumbo lililopotoshwa huonyesha maana mbili zilizokuwa hai siku ile.

Mashairi ya Muyaka yaliokolewa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, na W. E. Taylor aliyeshirikiana naye. William Hichens aliyachapisha kama Diwani ya Muyaka mwaka 1940, na Mohamed H. Abdulaziz akayahariri na kuyaeleza upya katika kitabu chake cha mwaka 1979. Deni la wasomaji kwa watu hawa ni kubwa. Lakini diwani kwa desturi hukusanya kazi za mtu mmoja, na palipokuwa na mazungumzo msomaji husikia sauti moja. Ndiyo maana kitabu cha Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff cha mwaka 1995, Mashairi ya Vita vya Kuduhu, kina thamani ya pekee: msingi wake si mtunzi, ni malumbano.

Ada yenyewe haikufa pamoja na Mazrui. Katika miaka ya 1960 Mathias Mnyampala, Mgogo wa bara, aliieneza ngonjera, nayo ikaingia mashuleni Tanzania nzima, hata miteremko ya Kilimanjaro. Ila ngonjera ina tofauti moja kubwa: pande zote mbili hutungwa na mtu mmoja, na aghalabu mbishi hukubali mwishoni. Katika miaka ya 1990, vikundi vya Muungano na TOT vya Dar es Salaam viliporushiana mipasho ya taarabu, hapakuwa na mtunzi mmoja wa kuwapatanisha. Hiyo ilikuwa karibu zaidi na Lamu na Mombasa.

Basi mkusanyaji wa nyimbo, popote aendako, akipewa wimbo wa kejeli au wa fumbo, asifunge daftari kabla ya kuuliza: uliimbiwa nani, naye alijibu nini? Mwimbaji aweza kuikumbuka sehemu yake kwa fahari na kulisahau jibu lililomshinda. Jibu hilo halina budi kutafutwa kwa jirani aliyelitoa, mradi yu hai.