Redio Mbovu Ina Somo Ndani Yake

Sauti hii inayokufikia inatoka kwenye kipande cha karatasi ngumu kinachotikisika ndani ya redio yako.

Mwaka 1973 kipande kama hicho kilifundisha nchi. Kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam. Walisikiliza, wakajadiliana, wakachimba vyoo. Tulifundishwa kwa spika, lakini spika yenyewe hatukufundishwa.

Na habari yake si ngumu. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark aliona waya wenye umeme ukigeuza sindano ya dira. Mwaka 1925 Wamarekani Chester Rice na Edward Kellogg walieleza spika ya koili inayocheza mbele ya sumaku, na hadi leo spika nyingi hufuata mtindo huo. Mwaka 1949 majirani zetu wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, walianza kuuziwa redio za betri zenye umbo la sufuria, kwa pauni 5.

Sasa twende Ikola, mwambao wa Ziwa Tanganyika, mkoani Katavi. Huko, kama kwingineko, redio iliyokufa haitupwi, huwekwa tu. Mwalimu wa fizikia asiye na maabara aichukue, atoe sumaku ya spika. Mwanafunzi aviringe waya mwembamba wa shaba wenye vanishi mizunguko kama 50, aubandike kwenye kitako cha kikombe cha karatasi, akwangue ncha zake na kuziunga mahali pa nyaya za spika katika redio ndogo ya betri, kamwe si kwenye umeme wa ukutani. Sumaku ikisogezwa karibu, kikombe kitasema.

Aondoe sumaku: kimya. Aiondoe koili kwenye kikombe: sauti hafifu, kwa kuwa hewa inayosukumwa ni kidogo. Aguse kikombe, mtetemo ataupata vidoleni, wala hataukariri tena.

Wapo watakaosema mtihani hauulizi vikombe. Lakini Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule isimtenge mtoto na kazi za jamii yake. Wengi tuliishia kwenye jembe na bustani ya shule. Mtoto anayemaliza masomo bila kuifungua redio atampelekea fundi kila kitu, maisha yake yote.