Sheffield 1926: Askari na Kura ya Wananchi

Mwezi Novemba 1926, miezi sita tu baada ya mgomo mkuu wa wafanyakazi, Chama cha Labour kilishinda uchaguzi wa Baraza la Jiji la Sheffield, mji wa viwanda vya chuma nchini Uingereza. Lilikuwa jiji kubwa la kwanza nchini humo kuongozwa na chama hicho. Kila mwaka theluthi ya madiwani walimaliza muda wao na viti hivyo vikapigiwa kura. Kwa utaratibu huo Labour ilipoteza madaraka mwaka 1932, ikayarejesha mwaka 1933. Hakuna risasi iliyolia.

Polisi wa jiji walisimamiwa na kamati ya baraza hilohilo. Mkuu wao, Percy Sillitoe, ambaye aliwahi kuwa ofisa wa utawala Tanganyika, aliteuliwa kabla ya ushindi wa Labour. Viongozi wapya hawakumwondoa. Naye aliendelea kupambana na magenge ya wahuni mpaka alipohamia Glasgow mwaka 1931.

Ndugu wasikilizaji, madiwani huja na kuondoka. Askari mwema hutii sheria, na huwatumikia waliochaguliwa na wananchi, hata kama yeye mwenyewe hakuwapa kura yake.