Mbiu ya Mgambo na Miguu ya Vijana

Ndugu msomaji, wazee wetu walisema kuwa mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Maneno hayo sote twayajua tangu utoto. Lakini kuna maana nyingine ndani yake ambayo wengi wetu hatuitazami, nayo ni kuwa mbiu ikisha kulia, wakati wa kujiandaa umekwisha kupita. Anayesikia mbiu ndipo akaanza kutafuta nguvu, huyo amechelewa.

Tazama yanayotokea kila zinapotangazwa nafasi za kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Vijana ambao mwaka mzima wamekaa barazani huamka ghafula, wakaingia kukimbia ufukweni kama wanaofukuzwa. Siku ya kwanza mtu hukimbia mpaka atapike. Siku ya pili miguu haikunjiki. Siku ya nne anachechemea, na mama yake anamkanda kwa maji ya moto. Baba naye, kwa kumhurumia mwanawe, huanza kuuliza ni nani wa kupewa chochote ili jina lipite. Basi hebu tuiulize historia: Wale waliochaguliwa zamani kwa sababu ya miguu yao, miguu hiyo waliipata wapi? Na baada ya kuipata, waliitumia kwa lipi?

Kwa jambo hili hapana mahali panapotufaa zaidi kupatazama kuliko Usukuma na Unyamwezi, nchi ambayo leo tunaiita mikoa ya Shinyanga, Geita, Mwanza, Simiyu na Tabora. Wengi wetu wa pwani tukitajiwa Shinyanga hufikiri almasi ya Mwadui, na tukitajiwa Geita hufikiri dhahabu. Lakini kabla ya mali hizo kufukuliwa, mali ya nchi ile iliyojulikana pwani yote ilikuwa ni miguu ya watu wake.

Katika karne ya 19 misafara ya bara iliyoshuka Bagamoyo na Saadani ilibebwa zaidi na mabega ya Wanyamwezi na jirani zao Wasukuma. Mpagazi mmoja alichukua mzigo wa kiasi cha frasila mbili, yaani kilo zipatazo 30 na zaidi, mbali na mkeka wake, chakula chake na silaha yake. Kutoka Tabora mpaka baharini ni mwendo wa miezi miwili au mitatu. Mwingereza Richard Burton, aliyepita njia hiyo mwaka 1857, aliandika kuwa upagazi kwa watu wale ulikuwa ndio kipimo cha uanaume, na kuwa watoto wao walizoezwa kubeba vipusa vidogo vya pembe za ndovu tangu wakiwa wadogo kabisa. Msomaji, neno hilo lishike. Mtoto hakutwishwa pembe kubwa. Alianza na ndogo iliyolingana na bega lake, na bega lilipokua, na pembe ikakua. Hata alipofika umri wa kuandikwa msafarani, hapakuwa na jambo geni kwake.

Kisha akaja Mirambo, mtemi wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884 baada ya kuitikisa nchi yote iliyo kusini ya Ziwa Viktoria. Askari wake waliitwa rugaruga. Mwezi wa Aprili mwaka 1876, Henry Stanley alikutana naye mahali palipoitwa Serombo, katika nchi iliyo baina ya Biharamulo na Urambo, na akamwuliza juu ya vita vyake. Mirambo akamjibu kuwa katika vita vya uwanjani aliwapendelea vijana kuliko watu wazima, kwa kuwa macho ya kijana ni makali na viungo vyake ni vyepesi. Watu wazima aliwaona wafaa zaidi kulinda boma. Naam, huo ulikuwa ni uchaguzi wa askari hasa, na sharti lake la kwanza ni wepesi wa mwili. Hata Wadachi walipokuja, na baada yao Waingereza, Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa miongoni mwa makabila yaliyotoa askari wengi.

Lakini historia haikuishia kwenye sifa. Rugaruga walikuwa wepesi, ila wepesi wao haukuwa na sheria iliyodumu. Mtemi wao alipokufa, dola aliyoijenga ilisambaratika katika miaka michache. Vijana waliozoea kukimbilia vita hawakuwa wamefundishwa lolote la kukimbilia wakati wa amani.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, jambo la kuwaandaa vijana lilichukua sura nyingine. Jeshi la Kujenga Taifa liliundwa tarehe 10 Julai 1963. Mwezi wa Januari 1964 askari wa jeshi la zamani waliasi, na katika mwezi wa Septemba mwaka huo huo likaanzishwa Jeshi la Wananchi, ambalo vijana wake wa mwanzo walitafutwa zaidi katika Umoja wa Vijana wa TANU. Mchakamchaka wa alfajiri ukaingia makambini, na shuleni pia, hata mtoto wa darasa la tatu akajua kukimbia kwa safu huku akiimba. Faida ya mazoezi yale ilionekana mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera. Mgambo waliitwa kutoka kila pembe ya nchi, wakulima na wafugaji wa Usukuma wakiwamo. Na ilipofika tarehe 11 Aprili 1979, Kampala ikatekwa na jeshi ambalo sehemu kubwa ya njia lilikwenda kwa miguu.

Vita vikaisha, lakini balaa nyingine ikazaliwa. Bunduki zilikuwa zimetapakaa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe na unyang'anyi ukazidi sana katika nchi ile. Ndipo wanavijiji wa Kahama, katika mkoa wa Shinyanga, na wenzao wa Tabora, wakajiundia ulinzi wao wenyewe. Wakajiita Sungusungu, kwa jina la wale siafu weusi waendao kwa safu; na mahali pengine wakaitwa Basalama, yaani watu wa salama. Silaha yao ilikuwa upinde na mishale. Yowe lilipopigwa kijiji kimoja, kijiji cha pili kililipokea na kulipeleka mbele, na vijana wakatoka mbio kufuata nyayo za ng'ombe, usiku na mchana, mpaka mwizi apatikane au ng'ombe warudi. Hapo hapakuwa na wakati wa kujaribiwa pumzi. Pumzi ilikuwapo au haikuwapo. Na waliokuwa nayo waliipata machungani na mashambani, kwa kwenda mbali kila siku ya Mungu, bila ya kujua kuwa wanajiandaa.

Ewe msomaji Mwislamu, bila shaka habari hii ya yowe na nyayo za wanyama walioibwa imekukumbusha mtu. Naye ni Swahaba Salama bin Al-Akwa', Mwenyezi Mungu amridhie. Katika tukio la Dhu Qarad, mnamo mwaka wa 6 wa Hijra, wezi wa Ghatafani waliwanyakua ngamia wa maziwa wa Mtume, rehema na amani zimshukie. Salama alipopata habari alipanda kilimani, akaelekea Madina, akapiga yowe mara tatu. Kisha akawafuata wezi hao kwa miguu yake, na wao wamepanda farasi. Akawa anawatupia mishale na kujificha, anawatupia na kujificha, mpaka wakawaacha ngamia, wakatupa na mavazi na mikuki ili wapate kukimbia upesi. Kwa kazi hiyo Mtume alimpa mafungu mawili ya ngawira: la mpanda farasi na la mwenda kwa miguu.

Katika kisa hicho mna mambo mawili ambayo yatosha kuwa darasa kwa kila kijana. La kwanza lilitokea njiani, wakati wa kurudi Madina. Alikuwapo mtu mmoja wa Ansari ambaye hajapata kushindwa kwa mbio, naye akataka mtu wa kushindana naye. Salama aliomba ruhusa, akashuka, wakakimbia. Lakini hakutoka kwa pupa. Alijizuia kwa kilima kimoja au viwili ili kuihifadhi pumzi yake, kisha akaongeza mwendo, akamfikia mwenzake na kumpita. Huyu, msomaji, ni mtu aliyekuwa akiijua pumzi yake kama nahodha anavyoujua upepo.

Basi na iwe hivyo kwa kijana wako. Ajipe miezi mitatu, asijipe siku tatu. Majuma ya mwanzo achanganye kutembea na kukimbia, na mwendo wake uwe ule ambao aweza kuzungumza na mwenzake bila ya kukatika maneno. Aongeze kidogo kidogo kila juma, kama yule mtoto na kipusa chake. Ajue kuwa pumzi huja upesi, lakini mifupa na mishipa hukawia kupata nguvu; ndiyo sababu wenye pupa huumwa na miundi. Siku moja katika juma akimbie kwa kasi, na siku moja au mbili apumzike kabisa. Akimbilie juu ya udongo kuliko juu ya lami, baada ya swala ya alfajiri kabla ya jua kupanda, anywe maji na alale mapema. Mwezi wa Ramadhani apunguze mwendo, akimbie kidogo karibu na magharibi ili maji yawe karibu. Akihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu, asione haya kwenda kwa daktari.

Na wazazi wenye watoto walioko machimboni Geita na Kahama wawaambie hivi: Kazi ya sururu hujenga mikono na mgongo, lakini haijengi pumzi ya mbio. Tena vumbi la mawe yanayopasuliwa huingia mapafuni na kuyaharibu polepole, na mapafu yaliyoharibika hivyo hayarudi kuwa kama yalivyokuwa. Kijana anayetaka kuchaguliwa leo au kesho naajikinge na vumbi hilo tangu sasa. Asidanganywe na ukubwa wa mabega yake.

Jambo la pili la Salama ni zito zaidi. Alipokuwa amewashinda wale wezi, nao wana kiu na wamechoka, alimwomba Mtume ampe watu mia awafuate na kuwamaliza. Mtume akacheka, kisha akamwelekeza kuwa ukisha kuweza, fanya upole. Nguvu ilikuwapo, haki ilikuwa yao, na ngamia wamekwisha kurudi. Lililobaki lilikuwa ni hasira tu, na hasira hakuipa ruhusa.

Hapa ndipo Sungusungu wengine walipoteleza. Walianza kwa kurudisha ng'ombe, na kwa hilo watu walilala usingizi. Lakini miguu iliyozoea kumfuata mwizi ilifika pia milangoni pa vikongwe waliosingiziwa uchawi, na watu wakapigwa na wengine wakauawa bila ya ushahidi wala hukumu. Hata Serikali, iliyowapa nguvu ya kisheria mwaka 1989 kwa kuzirekebisha sheria za mgambo, ilibidi mara nyingine kuwafikisha mahakamani. Jina la salama halimfanyi mtu kuwa salama, ikiwa moyo wake hauna lijamu.

Kwa hivyo, ndugu yangu, usimwandae mwanao miguu peke yake. Na wala usimharibie njia kwa rushwa. Jeshi limekwisha onya mara nyingi juu ya matapeli wanaouza nafasi wasizokuwa nazo, na kuna baba waliouza mbuzi na mashamba wakapata hasara ya mali na aibu. Hata kama fedha ingelipita, ungelimpeleka kijana mahali ambapo wenzake watamtegemea kwa pumzi asiyokuwa nayo. Huko ni kumdhulumu yeye na wao.

Katika vita vya Uhud Mtume aliwarudisha wavulana kadhaa kwa udogo wao, na miongoni mwao alikuwa Abdullah bin Umar, mwenye miaka 14.  Alirudi nyumbani akangoja, na katika vita vya Handaki, akiwa na miaka 15, akakubaliwa. Mwanao akirudishwa mwaka huu, mfunze kurudi vivyo hivyo, na kesho alfajiri aamke akimbie kama kawaida yake.